Kopa, Pau, Uru na Shupaza: Mitindo ya Uchezaji na Nafasi ya Mtani

Katika mwaka 1996 Richard Bartle, Mwingereza ambaye pamoja na Roy Trubshaw alikuwa amebuni mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex mchezo wa kwanza wa kompyuta uliowakutanisha wachezaji wengi katika ulimwengu mmoja wa maandishi, alichapisha makala ambayo tangu hapo yamekuwa kama msahafu kwa kila anayeandika juu ya michezo ya mtandaoni. Makala hayo yaliyapa makundi manne ya wachezaji majina ya karata: uru, shupaza, kopa na pau. Ni nadra kupata kozi au kitabu cha fani hii kisichoyataja. Jambo linalofaa kuhakikiwa hapa si umaarufu wake, bali swali moja ambalo wanafunzi wa Kiswahili huwa wanaliruka wanapoyachukua makundi hayo manne na kuyajaza mifano ya kwao: je, mtindo wa kucheza ni sifa ya mtu, au ni sifa ya uhusiano wake na yule anayecheza naye?

Yafaa kwanza hoja ya Bartle ielezwe kwa haki. Chanzo chake kilikuwa mjadala mkali uliofanyika kati ya Novemba 1989 na Mei 1990 miongoni mwa wachezaji wakongwe wa mchezo mmoja wa kulipia nchini Uingereza, ambao waliulizwa watu wanataka nini hasa wanapoingia mchezoni. Majibu yao yalipangwa juu ya mihimili miwili. Mhimili wa kwanza unatenganisha kutenda juu ya kitu na kuingiliana nacho. Wa pili unatenganisha wachezaji wenzi na ulimwengu wa mchezo wenyewe. Mihimili hiyo inapokatana hupatikana pembe nne. Anayetenda juu ya ulimwengu ni mchumaji wa alama na hazina, naye ni uru. Anayeingiliana na ulimwengu ni mvumbuzi, mpekuzi wa siri za mchezo, naye ni shupaza kwa kuwa huchimba habari. Anayeingiliana na wachezaji ni mzungumzaji, mtu wa moyo, naye ni kopa. Anayetenda juu ya wachezaji ni muuaji, naye ni pau, kwa maana karata hiyo kwa Kiingereza inabeba jina la rungu. Bartle aliendelea kueleza jinsi makundi haya yanavyoathiriana: wauaji wakizidi, wazungumzaji hukimbia, na wachumaji huanza kupungua, mwenye kuutunza mchezo hana budi kuangalia mizani hiyo daima.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo bora kuliko zote katika makala yake, na ndiyo inayosomwa kidogo kuliko zote.

Hata hivyo, msomaji aliyekulia penye karata hawezi kuyapita majina haya bila kusita. Bartle aliyachagua kwa sura ya alama: uru lang'aa kama kito, kopa ni moyo, shupaza ni koleo. Mcheza karata wa Kiswahili haulizi uru linafanana na nini. Anauliza turufu ni ipi. Na turufu haikai mahali pamoja. Karata zikigawanywa upya, kopa iliyokuwa ikitetemesha meza yaweza kugeuka karata ya kutupwa, na pau dhaifu ikapanda enzi. Nguvu ya karata haimo katika karata, imo katika mgawo, katika kile alichoshika mwenzi, na katika kile ambacho mpinzani amekwisha kukitoa. Kwa hiyo istiara ileile aliyoichukua Bartle ili kuthibitisha kwamba wachezaji wana asili nne ingeweza, mikononi mwa mtu mwingine, kuthibitisha kinyume chake.

Na kuhusu shupaza, yaani mchimbaji wa habari, yapo maneno mengine ya kusema mtu anapoyasoma makala haya akiwa Kolwezi. Huko kuchimba si istiara. Mwaka 2014, madini ya kobalti yalipogunduliwa chini ya mtaa wa Kasulo, wakazi walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao na hata ndani ya nyumba. Betri za simu ambazo michezo hii huchezwa juu yake zinatumia kobalti, na katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia imetoka Kongo, hasa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Kijana wa mtaa wa Manika anayeinua simu ili kucheza na mwenzake wa Likasi ameshika mkononi udongo wa kwao uliozunguka dunia ukarudi. Bila shaka Bartle hakuwajibika kuyafikiri hayo mwaka 1996. Lakini uainishaji unaojidai kuwa wa wachezaji wote ulipaswa angalau kuuliza wachezaji walioulizwa walikuwa akina nani, na walikuwa na uhusiano gani kabla ya kuingia mchezoni. Walikuwa, kwa sehemu kubwa, wageni wao kwa wao, wakijuana kwa majina ya bandia.

Hapa ndipo sarufi inapoweza kusaidia. Kitenzi cha Kiswahili cheza kinabeba mizigo ambayo lugha nyingine hugawanya: hucheza mwenye mpira, mwenye bao, mwenye ngoma, na mwali naye huchezwa. Kikinyambuliwa, kinatoa ramani ya mahusiano iliyo pana kuliko mihimili miwili ya Bartle. Kucheza na mtu ni kushirikiana naye au kushindana naye, na kihusishi hakisemi lipi kati ya hayo mawili. Kuchezesha ni kuwa mwamuzi, au kuwafanya wengine wacheze. Kuchezeana ni jambo la pande mbili. Ama kuchezea, hapo pana utata wa kuvutia: mtu anayeichezea timu ya Lupopo huko Lubumbashi ni mtumishi mwaminifu wa rangi zake, lakini mtu anayemchezea mwenzake anamfanyia dhihaka. Umbo ni lilelile la kauli ya kutendea. Kinachotofautisha utumishi na dhihaka ni uhusiano wa wawili hao, nao haumo ndani ya kitenzi. Mhimili wa Bartle wa «kutenda juu ya wachezaji» hauna mahali pa kuiweka tofauti hiyo.

Kuna pia jambo la wakati na mazoea. Bartle mwenyewe alikiri kwamba wachezaji huhamahama kati ya mitindo kwa kadiri ya hali na hamu yao. Ila alishikilia kwamba walio wengi wana mtindo mmoja mkuu, na mitindo mingine huwa njia tu ya kuutumikia huo. Ungamo hilo lina thamani, lakini linaporudi katika majina, linapotea: aliyeua ameitwa muuaji, na nomino imekwisha kufunga kesi. Kiswahili cha Katanga kinayo njia nyingine. Katika Kiswahili cha Lubumbashi na Kolwezi, kama kilivyoelezwa na Ferrari, Kalunga na Mulumbwa katika kitabu chao cha mwaka 2014, kiambishi -ak- kikiingizwa kabla ya irabu ya mwisho huonyesha mazoea: anacheza ni tukio, anachezaka ni tabia. Kwa hiyo anashambulia na anashambuliaka ni habari mbili kuhusu mtu yuleyule, na msemaji hana budi kuchagua. Kiswahili sanifu nacho kina hu-, lakini hu- inamfuta mtendaji. Katika hushambulia hakuna tena mimi, wewe wala yeye, imebaki kanuni tupu. Umbo la Katanga linaihifadhi nafsi na kuutaja mwenendo wake papo hapo. Ni ajabu kidogo kwamba umbo hili, ambalo lina jamaa zake -ag- katika mazungumzo ya bara nchini Tanzania, bado husahihishwa kwa wino mwekundu katika insha za wanafunzi, ilhali ndilo ambalo mwanaisimu angelitamani pale anapotaka kutenganisha kitendo na tabia.

Mfano ulio karibu zaidi na suala la mtindo ni bao. Wapo watafiti waliouchunguza mchezo huu kwa bidii. Philip Townshend aliandika mwaka 1977 juu ya michezo ya jamii hii ya mashimo katika Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi, na mwaka 1982 akaandika juu ya bao kama kielelezo cha maadili ya Waswahili. Alex de Voogt, katika tasnifu yake iliyochapishwa Leiden mwaka 1995, alichunguza akili ya mafundi wa bao wa Zanzibar na mipaka yake. Mmoja alitafuta maadili, mwingine akatafuta hesabu za kichwani. Kwa hoja ya hapa, hata hivyo, kanuni moja ya mchezo inatosha. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, anayeweza kula hana ruhusa ya kutakata. Kula ni lazima. Kwa maneno ya Bartle, kila mcheza bao ni muuaji kwa sheria, si kwa tabia. Mtindo wake utaonekana kwingine: katika kuchagua ale wapi pale penye njia mbili, katika kuilinda nyumba yake au kuivunja mapema na kwenda safari, katika kasi ya mkono, na zaidi ya yote katika maneno anayoyatupa wakati kete zinatembea. Mtu mmoja hucheza kwa ukimya na uvumilivu mbele ya mzee, kisha mzee akiondoka na rika lake likakaa, akawa mwenye vishindo na kejeli. Mkono haukubadilika. Aliyekaa mbele yake ndiye aliyebadilika.

Neno la Kiswahili kwa uhusiano unaoruhusu kejeli hiyo ni utani. Moreau alikwisha kuonyesha mwaka 1944, katika makala yake juu ya Tanganyika, jinsi utani unavyoziunganisha koo na makabila kwa mtandao wa haki za kudhihaki. Mtani anayo ruhusa ambayo ndugu hana: katika msiba humwiga marehemu, hudai malipo, hushika mali ya wafiwa na kuikatalia mpaka agombolewe, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Kitendo hichohicho kikifanywa na asiye mtani ni wizi na tusi. Sasa na uchukuliwe mchezo kama Free Fire, ulioanza mwaka 2017 na kuenea upesi kwa kuwa unakubali simu za bei nafuu. Wachezaji 50 wanatua kisiwani, mara nyingi katika vikosi vya wanne. Anayeuawa anaacha kasha lenye vitu vyake, na aliyemuua hulifungua na kuchukua apendacho. Mchambuzi anayemfuata Bartle ataona pau linatenda juu ya mchezaji, kisha uru linachuma. Lakini ikiwa muuaji na muuliwa ni wana wa mtaa mmoja, wanaosikilizana kwa sauti, na mmoja anamwambia mwenzake kwamba amemrithi angali hai, kilichotokea si mauaji wala uchumaji. Ni utani msibani, na kasha ni mali ya wafiwa. Kama hawajuani, ni jambo jingine kabisa, na mwenye kuuawa ana haki ya kuumia.

Haitoshi kujibu kwamba hayo ni mambo ya vijiji vya zamani yaliyosukumwa ndani ya simu. Ukanda wa shaba wenyewe unakanusha jibu hilo, kwani ndipo utani ulipofanywa upya kwa ajili ya wageni. Makampuni ya migodi, ya Katanga na ya Rhodesia ya Kaskazini, yaliwakusanya katika kambi watu ambao babu zao hawakujuana. J. Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya Kalela, aliyoitazama Luanshya mwaka 1951, upande wa pili wa mpaka lakini ndani ya ukanda uleule wa madini. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa, vibarua wa mjini, waliovaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Walikuwa na mfalme mwenye tai, daktari mwenye joho jeupe, na muuguzi mmoja mwanamke aliyewapitishia kioo na leso ili wasiharibu unadhifu wao. Nyimbo zao ziliwasifu Wabisa na kuwadhihaki makabila mengine waziwazi, mbele ya umati wa makabila hayohayo, na umati ukacheka. Mitchell aliona kwamba dhihaka hiyo ilikuwa njia ya kuwapanga wageni wa mjini: nikikucheka na usikasirike, tumekwisha kupata uhusiano. Hapa «kutenda juu ya wachezaji» ndiko kunakozaa «kuingiliana na wachezaji». Pembe mbili ambazo Bartle alizitenganisha kwa mstari zimekuwa hatua mbili za mwendo mmoja.

Kalela nayo ilikuwa mtoto wa Mbeni, yaani beni ya pwani. Historia yake iliyoandikwa na Terence Ranger mwaka 1975 inaanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuifuata pamoja na askari, makarani na vibarua hadi bara. Pande mbili zilizojulikana zaidi zilikuwa Marini na Arinoti. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi. Lamu ilikuwa na ushindani wake wa kale wa Mkomani na Langoni. Kila upande ulikuwa na vyeo kuanzia mfalme na majenerali, sare, karamu za kushindania, na nyimbo za kumvunjia heshima mpinzani. Katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwamo wana beni miongoni mwa askari wa Waingereza na wa Wajerumani vilevile. Mgeni aliyefika mji asioujua aliweza kuwatafuta watu wa upande wake wakampokea. Anayestaajabu leo kuona vijana walio mbali mbali wakijiunga katika vikosi vyenye majina, vyeo na maadui wa kuchagua, huku wakitukanana usiku na kuamka salama, anastaajabia jambo ambalo babu zake walilicheza kwa miguu.

Tena lilikuwa jambo lenye uzito. Mwaka 1935, migodi ya Rhodesia ya Kaskazini ilipogoma na wafanyakazi sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume ya serikali iliyochunguza mgomo huo ilisikiliza ushahidi kuhusu Mbeni. Swali lilikuwa kama wacheza ngoma wenye vyeo vya kuigiza walikuwa pia viungo vya mgomo. Serikali ilitaka kujua watu hawa ni wa aina gani, wachezaji au wachochezi. Uainishaji wa wachezaji si zoezi la darasani tu; yule anayeshika mamlaka akimwita mtu jina, jina hilo lina matokeo. Kijana anayeitwa muuaji na mtunza mchezo aliye mbali, kwa sababu ya maneno aliyomwambia mtani wake kwa Kiswahili ambacho mtunza mchezo hakijui, anaweza kufungiwa mlango bila kuelewa kosa lake. Kinyume chake pia ni kweli, na halipaswi kufichwa: utani ni kichaka kizuri cha kujifichia mwenye nia mbaya, na wasichana wanaotukanwa na wasiowajua mtandaoni hawakumpa mtu yeyote haki ya utani. Kigezo ni kilekile katika hali zote mbili, nacho ni ridhaa ya pande mbili inayofahamika na wanaotazama.

Wanaotazama, basi, ndio pengo kubwa la mwisho katika nadharia hii. Katika mihimili ya Bartle hakuna mtazamaji. Yupo mchezaji na upo ulimwengu. Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kufundisha kwamba fanani hakamiliki bila hadhira, na kwamba hadhira hiyo hujibu, huimba, hukosoa. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, alionyesha kwamba yapo maarifa ya jamii yasiyoweza kuulizwa na kujibiwa kwa maneno mpaka yaigizwe mbele ya watu. Penye bao, mtazamaji ana ulimi mrefu kuliko mchezaji. Aliyeshindwa huinuka na kumpisha mwingine, lakini haondoki. Husimama nyuma, huguna, hucheka, na mguno wake hubadili mchezo. Michezo ya simu imelihifadhi hilo pengine bila kukusudia: katika michezo mingi ya vikosi, aliyeuawa mapema hubaki akitazama kupitia macho ya mwenzake aliye hai na kuzungumza naye. Amekuwa hadhira yenye uchungu wa mchezaji. Si uru, si shupaza, si kopa, si pau.

Marekebisho yaliyofuata hayakuliziba pengo hilo. Bartle mwenyewe aliongeza mhimili wa tatu mwaka 2003, wa vitendo vya wazi na visivyo vya wazi, na makundi yakawa manane. Nick Yee, mwaka 2006, aliyatupa makundi na kupima motisha kwa hojaji iliyojibiwa na wachezaji wapatao 3,000, akapata vipengele vitatu vikuu: mafanikio, ujamaa na kuzama mchezoni. Kazi yake ni makini kuliko ya mtangulizi wake, na ina faida ya kumruhusu mtu mmoja awe na motisha nyingi kwa wakati mmoja. Lakini hojaji hujibiwa na mtu mmoja, peke yake, kuhusu nafsi yake. Utani haupimiki hivyo, kwani mtu hana utani kama alivyo na urefu. Anao kwa fulani, hana kwa fulani.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kolwezi au Lubumbashi atakayelishughulikia suala hili asianze na hojaji, wala asianze kwa kutafuta tafsiri nzuri ya neno muuaji. Aanze na kinasa sauti, kwa idhini ya wachezaji wanne wanaojuana, aandike walivyosema bila kusahihisha anachezaka kuwa hucheza, aulize nani ni nani kwa nani, na aandike kwa uangalifu zaidi kuanzia dakika ile ambapo wa kwanza wao ameuawa na hajanyamaza.